Kabla Hujaongeza Bando, Pima Majina: Hotuba kuhusu DNS Inayochelewa Nyumbani

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, vijana wa vyuo, wenye steshenari zenu za Nyegezi na Igoma, na ninyi mliovuka daraja la Kigongo–Busisi asubuhi hii kutoka upande wa Sengerema, mwangaluka.

Naanza na lalamiko ambalo kila fundi wa kompyuta katika jiji hili amelisikia. Mtu anafungua kivinjari, anaandika anwani ya tovuti, anabonyeza Enter. Kimya. Kiduara kinazunguka sekunde 3, sekunde 5, siku nyingine sekunde 10. Halafu ghafla ukurasa unashuka wote, picha na maandishi, kwa mkupuo mmoja. Akibonyeza habari nyingine ndani ya tovuti ileile, inafunguka papo hapo. Akihamia tovuti ya pili, kiduara kinarudi. Jioni anasema mtandao unasuasua, ananunua bando kubwa zaidi, na kesho yake kiduara kipo palepale.

Ndugu zangu, hiyo si dalili ya kasi ndogo. Kasi ikiwa ndogo utaiona wakati ukurasa unashuka: picha inatokea nusu, video inasimama katikati. Lakini kompyuta ikikaa kimya kabla ya chochote kuanza, halafu mambo yote yakaenda vizuri, mara nyingi inahangaika kutafuta jina. Pesa ya bando haitibu hilo. Ndiyo maana ombi langu kwenu leo ni moja: mpime kwanza, ndipo mfungue pochi.

Jina linatafutwaje? Kompyuta kwenye mtandao zinafikiana kwa namba. Majina tunayoandika ni kwa ajili yetu sisi binadamu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, majina yote na namba zake yalikaa katika faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa katika taasisi ya utafiti ya Stanford kule California, na kila mwenye kompyuta alikwenda kulichukua huko. Mtandao ulipokua, faili hilo likazidiwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mfumo wa kugawana kazi hiyo, tunaouita DNS, na kanuni zake zilizotolewa mwaka 1987 ndizo msingi wa tunachotumia hadi leo.

Mgeni akitafuta nyumba ya mtu Mabatini, ataanzia kwa mtendaji wa kata, ataelekezwa kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti atampeleka kwa balozi wa nyumba kumi anayeijua nyumba yenyewe. DNS ni hivyohivyo. Ukiandika saut.ac.tz, kuna seva za mzizi, yaani kompyuta za juu kabisa zinazojibu maswali ya majina, zenye majina 13 kuanzia herufi A hadi M, zinazojua nani anashika .tz. Wanaoshika .tz wanajua wapi pa kuulizia saut.ac.tz. Seva ya mwisho ndiyo inayotoa namba. Kompyuta yako haizunguki kote huko yenyewe. Inamtuma mtu mmoja tu, seva ya majina iliyopangiwa, nayo ndiyo inayozunguka na kurudi na jibu. Jibu huja na muda wake wa kuishi, kwa mfano sekunde 300 au 3,600, na muda huo ukiwa haujaisha hakuna haja ya kuuliza tena. Ndiyo sababu tovuti uliyoifungua sasa hivi inarudi haraka.

Sasa nisikilizeni hapa kwa makini, maana hapa ndipo uchunguzi wote unapojengwa. Kuna kuchelewa kwa umbali na kuna kuchelewa kwa kusubiri, na vinatofautiana kwa namba.

Mwanga ndani ya faiba husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanza hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 1,100. Hata waya ukifuata barabara, kwenda na kurudi ni kilomita 2,200, yaani milisekunde 11, na milisekunde moja ni sehemu ya elfu ya sekunde. Ongeza kazi ya minara na mitambo ya njiani, jibu kutoka Dar lifike kwa milisekunde 20 hadi 60. Kutoka Ulaya, kupitia nyaya za chini ya bahari, tuseme 150 hadi 200. Umbali peke yake hauwezi kukupa sekunde 5, hata ukiulizia upande wa pili wa dunia.

Sekunde hizo zinatoka kwenye saa ya kusubiri. Swali la DNS kwa kawaida hutumwa kwa njia ya UDP, kupitia mlango namba 53, na njia hiyo haina risiti. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data kilichobeba swali, ikipotea, hakuna anayempa mtumaji taarifa. Kompyuta inakaa, inahesabu, na muda ukiisha inauliza upya. Windows husubiri kama sekunde 1 kabla ya kugeukia seva ya pili, na hukata tamaa baada ya sekunde 10 hivi. Linux yenye mpangilio wa kawaida katika faili la /etc/resolv.conf husubiri sekunde 5 nzima kabla ya kwenda kwa seva inayofuata. Kwa hiyo ukipima ukakuta milisekunde 300 kila mara, seva yako iko mbali au rauta imechoka. Ukikuta mara ni 30, mara ghafla ni 1,030 au 5,030, swali lilipotea njiani na likaulizwa upya. Magonjwa hayo ni mawili, na kila moja lina dawa yake.

Tupime. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, Enter. Andika ipconfig /all. Tafuta mstari wa Default Gateway, ambao ndio namba ya rauta yako, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1. Kisha tafuta DNS Servers, ambao ndio namba ya huyo anayetumwa. Ziandike kwenye karatasi zote mbili. Nasisitiza karatasi, kwa sababu kama utabadilisha kitu, utahitaji kujua kilikuwaje.

Kipimo cha kwanza kinaishia ndani ya nyumba: ping -n 50 192.168.1.1, ukiweka namba ya rauta yako. Amri hiyo inatuma pakiti 50 na kupima zinarudi baada ya muda gani. Kwa waya jibu liwe milisekunde 1 au pungufu. Kwa waifai, 2 hadi 10. Mstari wa mwisho unaoonyesha zilizopotea usome 0%. Kuna anayeona 4% akasema ni ndogo. Hebu tuihesabu. Ukurasa wa habari wenye matangazo unaweza kuita majina 20 tofauti. Kama kila swali lina nafasi 4 katika 100 ya kupotea, uwezekano wa angalau moja kupotea kati ya hayo 20 ni kama 56%. Maana yake zaidi ya nusu ya kurasa unazofungua zitakwama mahali fulani. Na video itaendelea kucheza vizuri tu, kwa sababu ikishaanza ina njia ya kurudishiwa pakiti zilizopotea na ina akiba ya mbele. Mtu anasema mbona video zinakwenda, huku tatizo liko hapohapo kwenye waifai.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Hili ni Jiji la Miamba. Nyumba zimejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe, kuta ni za tofali nene za saruji, na vyumba vya nyuma vimeegemea mwamba. Mawimbi ya waifai hayapendi vitu hivyo. Hamisha rauta kutoka juu ya kabati la sebuleni ikae karibu na mlango unaotazama chumba cha kompyuta, iwe juu kidogo ya kichwa. Kwenye mawimbi ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani hawajajazana. Zilizo katikati ya hizo zinagongana na mbili kwa pamoja. Kama kompyuta ni ya mezani na haihami, vuta waya wa mtandao wa Cat5e uachane na waifai kabisa. Ni dawa ya uhakika kuliko zote nitakazotaja, na haina mambo mengi.

Kipimo cha pili kinatoka nje: ping -n 50 1.1.1.1. Hiyo ni namba, haihitaji jina, kwa hiyo DNS haihusiki. Kama cha kwanza kilikuwa safi na hiki kinapoteza pakiti, angalia njia ya kutoka nyumbani. Wenye rauta za laini, ingia kwenye ukurasa wa rauta mtazame kipimo cha RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani. Kati ya -80 na -95 mko salama; kikishuka chini ya -110 mnahangaika. Isogeze dirishani, upande wa mnara na si upande wa mwamba. Tazama pia kama muda unapaa kutoka milisekunde 40 hadi 800 halafu unashuka tena. Hapo mara nyingi kuna simu ya mtu inapakia picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupakia ni nyembamba kuliko ya kupakua, ikijaa, swali dogo la jina linapanga foleni nyuma ya video ya harusi. Zima upakiaji huo, pima tena. Namba zikishuka, umempata mhusika, na mpange upakiaji ufanyike usiku watu wamelala.

Vipimo viwili vikiwa safi, ndipo sasa tuyaguse majina yenyewe. Wengi hukimbilia nslookup, nayo ni nzuri kuonyesha kama jibu linakuja, ila haikuonyeshi milisekunde. Tena ina tabia moja inayopotosha: inaweza kubandika mkia wa jina la mtandao wa kazini au wa chuo nyuma ya jina uliloandika. Weka nukta mwishoni, saut.ac.tz. na nukta yake, ili isiongeze kitu. Kwa muda halisi fungua PowerShell na uandike hivi, kwa mstari mmoja:

Measure-Command { Resolve-DnsName saut.ac.tz -Server 192.168.1.1 -DnsOnly }

Soma TotalMilliseconds. Jibu la mara ya kwanza kabisa litupe, kwa sababu ndani yake kuna muda wa PowerShell kujiandaa. Rudia mara 5. Kisha badilisha jina kila mara, ukiweka tovuti ambazo hamzifungui hapo nyumbani, maana jina lililokwisha kuulizwa litajibiwa kutoka kwenye akiba na utadanganyika. Wa Linux na Mac, andika dig saut.ac.tz @192.168.1.1 na usome mstari wa Query time.

Fanya kipimo hicho kwa seva tatu: rauta yako, seva ya mtoa huduma wako, ambayo namba zake ziko kwenye ukurasa wa hali ya rauta, sehemu ya WAN (upande wa nje ya nyumba), na seva moja ya umma, kwa mfano 1.1.1.1 ya Cloudflare, 8.8.8.8 ya Google au 9.9.9.9 ya Quad9. Namba za safu tatu hizo zikikaa pamoja kwenye karatasi, ugonjwa unajionyesha wenyewe.

Rauta ikichelewa na hizo mbili zikiwa nyepesi, kosa liko kwenye rauta. Rauta nyingi za bei nafuu zinapokea maswali ya nyumba nzima na kuyapitisha, na zikifikisha simu 10, televisheni na kompyuta 2, zinazidiwa. Izime kwa dakika moja uiwashe. Kama ugonjwa unarudi baada ya siku chache, sasisha programu yake, au ingia sehemu ya DHCP, inayogawia vifaa vya nyumbani namba zao, uandike namba za seva ya mtoa huduma moja kwa moja, ili kompyuta zisipitie kwa rauta kuuliza majina.

Seva ya mtoa huduma ikichelewa na ya umma ikiwa nyepesi, hapo kubadilisha kuna maana. Windows 11: Settings, Network & internet, chagua waifai au waya unaotumia, ingia kwenye sifa zake, kwenye DNS server assignment bonyeza Edit, chagua Manual, washa IPv4, andika namba mbili, hifadhi. Halafu kwenye cmd andika ipconfig /flushdns kufuta majibu ya zamani.

Lakini naomba nisimame kidogo hapa. Ushauri wa kuweka 8.8.8.8 kila mahali bila kupima siukubali. Seva za umma zimesambazwa sehemu nyingi, na swali lako litaangukia Dar es Salaam, Nairobi au nje kabisa ya bara kutegemea njia anayoitumia mtoa huduma wako. Tena tovuti kubwa za video huweka nakala za mizigo yao karibu na watumiaji, na mara nyingi hukuchagulia nakala kwa kutazama seva ya majina iliyouliza. Seva ikiwa mbali, unaweza kupata jina upesi na video ikatoka mbali. Mei 12 mwaka 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Tanzania nzima iliona jinsi njia za nje zinavyoweza kufifia kwa siku moja. Kwa hiyo seva ya mtoa huduma ikiwa na afya, ibaki. Ukiweka ya umma kuwa ya kwanza, ya pili iwe ya mtoa huduma. Na mjue kwamba ya pili si ya kuongeza kasi. Inaulizwa ya kwanza ikinyamaza.

Hilo linatuleta kwenye kosa la kawaida mno kwenye laptopu: namba ya zamani iliyosahaulika. Fundi aliweka 10.0.0.5 kwa ajili ya ofisi, laptopu ikahamia nyumbani Buhongwa, na seva ile haipo huku. Kompyuta inaiuliza, inasubiri sekunde yake, ndipo inakwenda kwa ya pili. Mambo yanafanya kazi, ila kwa kusuasua, na kwa sababu yanafanya kazi hakuna anayeangalia. Rudisha Automatic. Hivyohivyo kwa IPv6, mfumo mpya wa namba za mtandao: ukiona kwenye ipconfig /all namba ya DNS inayoanza na fe80, ipime kama ulivyozipima nyingine, maana zipo rauta zinazotangaza namba hiyo na haziijibu. Rekebisha au zima tangazo hilo kwenye rauta. Kuzima IPv6 yote ndani ya Windows si dawa, na Microsoft wenyewe hawaishauri.

Seva zote tatu zikiwa nyepesi na kivinjari bado kinachelewa, tatizo liko ndani ya kompyuta. Kivinjari kinaweza kuwa na seva yake chenyewe, tofauti na ya Windows: tazama sehemu ya DNS salama, inayouliza majina kwa njia iliyofichwa, kwenye mipangilio ya usalama, izime kwa muda, jaribu. Angalia VPN iliyoondolewa nusu, antivairasi inayochuja kila ukurasa, na kwenye mipangilio ya proksi, yaani seva ya katikati ya kupitia mtandaoni, zima kile cha kutafuta proksi kiotomatiki kama huna proksi.

Tazameni na saa. Kompyuta ya mezani iliyokatikiwa umeme mara nyingi huja kugundulika betri yake ya ndani, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Ikiwashwa saa inarudi miaka nyuma, vyeti vya usalama vinaonekana batili, na DNS salama inagoma. Watu wanahangaika na rauta, kumbe ni betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama.

Na la usalama, kwa haraka lakini kwa uzito. Mwaka 2011 FBI ya Marekani ilivunja mtandao wa wahalifu waliotumia virusi vya DNSChanger kubadilisha seva za majina kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani, na waathirika wakawa wanapelekwa wanakotaka wahalifu. Ukikuta kwenye rauta namba ya DNS ambayo si ya mtoa huduma na si uliyoiweka wewe, usiishie kuifuta. Irudishe rauta kwenye hali ya kiwandani, badilisha nywila ya admin, kisha kagua kompyuta kwa antivairasi. Tazama na faili la C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts, lisiwe na mistari ya benki au ya huduma za pesa.

Ikibaki kwamba kosa ni la mtoa huduma, usimpigie ukasema mtandao mbovu. Mpe tarehe na saa, namba za ping kwa rauta, namba za ping kwa 1.1.1.1, na muda wa majina kwa seva yake na kwa seva ya umma, mara 5 kila moja. Dawati la huduma likipata hayo, halina nafasi ya kukuambia uzime na kuwasha. Na baada ya marekebisho, yawe yao au yako, futa akiba kwa ipconfig /flushdns na urudie vipimo vyote saa 2 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, ukilinganisha na zile namba za karatasi ya kwanza.